Zabroni Hajanywewa

Marehemu Kabogo alikuwa amelala kwenye kitako cha bakuli, ndani ya mafuta ya mawese, na hakuwa na dalili yoyote ya kumumunyika. Mwanawe mkubwa alikoroga kwa mwiko mpaka jasho likamtoka. Akapumzika, akakoroga tena, safari hii kwa hasira, kana kwamba baba yake alikuwa anamfanyia kusudi.

“Mzee alipenda sana mawese,” alijitetea. “Tulijua atafurahi.”

Domitila aliuma mdomo asicheke. Yeye ndiye aliyekuwa mkorogaji wa mji wa Nyamunyu, na mkorogaji akicheka mbele ya wafiwa hapati kazi tena.

“Kupenda ni jambo jingine, kaka,” alisema. “Hizi punje ni munyu, chumvi ya visima vyetu, na munyu husikilizana na maji. Mafuta hayana mkono wa kuushika. Utakoroga mpaka Krismasi, mzee atakuwa hapohapo chini anakutazama.”

Aliyamwaga yale mafuta taratibu, akazikausha punje kwa kitambaa, akaziweka kwenye kinu kidogo cha jiwe na kuzisaga. Punje ikiwa kubwa, maji huigusa kwa nje tu na kazi huchukua muda mrefu. Ikisagwa, maji hupata pa kuingilia kila upande. Kisha akamimina maji ya vuguvugu kwenye chungu kikubwa, yale ambayo kiganja kinayavumilia, akanyunyiza unga wa marehemu huku akikoroga. Maji ya moto yana haraka, alikuwa akiwaambia wanaojifunza kazi. Yanakimbia humo ndani, yanagonga punje, yanaibomoa.

Unga ulizunguka mara chache, ukafifia, ukatoweka. Binti wa marehemu akashika kinywa.

“Ameisha?”

“Hajaisha, dada yangu. Ameachana vipande vidogo sana, macho hayaviwezi, na maji yamekizunguka kila kipande yakakibeba. Ukichota juu ni yeye. Ukichota chini ni yeye. Mnyweni.”

Wakanywa wote, ukoo na majirani, kila mmoja kikombe kidogo. Hakuna aliyesikia kitu. Chungu cha watu wengi hakisemi, na watu wa Nyamunyu walilijua hilo tangu wahandisi walipogundua kwamba munyu wa visima vyao, ukigandishwa pamoja na kumbukumbu zilizochotwa kichwani mwa mtu kabla mwili haujapoa, unazishika kumbukumbu hizo na hauziachii mpaka uingie majini. Kinachotoka kwenye chungu ni kidogo mno kwa kila mnywaji, na kwa kuwa ni kidogo, mwili haukitupi. Kinabaki. Miaka inapita, siku moja mtu anajikuta anakohoa kama marehemu, au anajua njia ya shamba ambalo hajawahi kulifikia.

Anayekunywa peke yake, kikombe kilichokolea, ndiye anayesikia. Anasikia sauti kabisa, inamwita, inamjibu. Lakini mwili una kiasi chake cha chumvi, na kinachozidi figo linakitoa. Saa moja ya raha, kisha marehemu anaishia chooni. Domitila alikuwa akiwaeleza wateja jambo hilo kwa maneno hayohayo, bila kupepesa macho, na baadhi yao walikasirika.

Alikuwa anasuuza chungu shemeji yake alipoingia bila hodi. Stanslaus ndivyo alivyo. Ni msimamizi wa pampu za visimani, mtu mkavu, tangu azaliwe hajawahi kumtania mtu, na mlango kwake ni uwazi wa kupitia tu.

“Mama anashuka kutoka Kasulu,” alisema. “Chungu kitakuwa Jumamosi. Nimeshawaambia watu.”

“Chungu cha nani?”

Stanslaus alimkazia macho. “Shemeji, usinichezee. Matanga yameanuliwa zamani, watu wameshasahau hata uji waliokunywa, na Zabroni hajanywewa.”

*

Chupa ya Zabroni ilikaa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Ilipotoka kituo cha afya ilikuwa imejaa hadi shingoni, punje zenye rangi ya chai ya rangi, na Domitila aliibeba nyumbani akiwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Alisema atawaita ndugu mvua zikipungua. Mvua zikapungua. Akasema avune kwanza mihogo.

Ukweli ni kwamba alimtaka mumewe, na hakutaka kugawana naye na mji mzima. Jumapili ya kwanza alimumunyisha punje chache kwenye kikombe cha bati, akanywa, akakaa kitandani akisubiri. Zabroni akaja. Alikuja na sauti ile ya mtu aliyeshinda kisimani kwenye mvuke, yenye mikwaruzo kidogo.

“Wenye nyumba, njaa yenu imefika!”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kila jioni akiwa mlangoni. Hakuyasema popote pengine wala mbele ya mtu mwingine. Hata mama yake hakuyajua, hata ndugu yake Stanslaus, kwa sababu wageni wakiwepo Zabroni aliingia kwa adabu na kusalimia kama mwalimu wa dini. Yalikuwa maneno ya watu wawili. Na yeye Domitila, akiwa jikoni, alikuwa na jibu lake: “Ivue viatu kwanza!”

Basi Jumapili ile alijibu, na Zabroni akacheka ndani ya kichwa chake, wakazungumza. Mambo ya kawaida tu. Kama bomba la uani limefungwa. Kama yule kuku mweusi bado anatagia kwenye kapu la nguo. Alipoanza kufifia, Domitila alimwomba abaki, akamwomba tena, mpaka akawa anaongea na chumba kitupu.

Jumapili zikaongezewa Jumatano. Kisha zikaja siku nyingine zisizo na sababu. Mji ulikuwa na jina la watu wa namna hiyo, walevi wa marehemu, na yeye mwenyewe aliwahi kumkemea mjane mmoja hadharani kwa kosa hilohilo. Sasa alikuwa anapita mbele ya nyumba ya yule mjane akiangalia chini.

Kwenye chupa zilibaki punje za kufunika kitako tu. Kwa chungu cha watu wengi zingetosha, maana chungu hakihitaji kingi. Kwa mtu mmoja zilitosha kikombe kimoja cha mwisho, chenye nguvu, cha kumleta Zabroni mzima kama alivyokuwa. Akizigawa kidogokidogo angepata minong’ono ya wiki kadhaa, na minong’ono alikuwa ameichoka.

Wazo lilimjia alipokuwa anaosha vyombo, na lilikuja limekamilika, hata halikumwonea aibu. Chungu hakisemi. Akitia humo chumvi ya kupikia iliyochovywa kwenye majani ya chai, nani atajua? Watakunywa, watafuta midomo, watakwenda zao. Mama mkwe atarudi Kasulu akiwa ameridhika. Hakuna mtu atakayepungukiwa na kitu anachoweza kukiona.

Alijichukia kidogo. Kisha akachemsha majani ya chai.

*

Kikombe cha mwisho alikitengeneza Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na alikitengeneza kwa ufundi wake wote. Hakutaka maji mengi, maana maji mengi yanaipoza sauti. Alitia maji kidogo kwenye sufuria ndogo, akayachemsha barabara, akaanza kumimina punje. Zikamumunyika. Akaongeza. Maji yalipofika mahali pa kukataa, punje zikaanza kutua chini zikiwa nzima, akaongeza moto, nayo yakakubali tena. Maji baridi yangeshika nusu tu ya mzigo ule. Yale ya moto yaliubeba wote, yakabaki maangavu, yana rangi ya asali nyepesi.

Sasa ilibidi yapoe, kwa kuwa mmumunyo ukinywewa ungali wa moto huiharibu sauti. Hapo ndipo penye kazi. Maji yaliyobeba kuliko uwezo wake yakipoa huwa kama mtu aliyejitwika mzigo mzito akasimama wima: anaweza kusimama hivyo muda mrefu, ilimradi asiguswe. Domitila aliyamimina taratibu kwenye bilauri, akaiweka juu ya rafu, akaifunika na sahani, akafunga dirisha upepo usiingie. Chupa ya Zabroni, ambayo sasa ilikuwa na chumvi ya dukani iliyotiwa rangi, aliiweka katikati ya meza, mahali pa heshima.

Ilipokwisha kupoa, alifunua sahani. Ndiyo kwanza alikuwa ananyoosha mkono aliposikia hodi.

“Hodi wenyewe!”

Ilikuwa Ijumaa. Walisema Jumamosi. Lakini mama mkwe alikuwa mlangoni na kapu la unga wa muhogo kichwani, kitenge chake kimejaa vumbi la njia yote kutoka Kasulu. Bi Generoza alikuwa amekonda. Domitila alijikaza kisabuni, akapokea kapu, akapiga goti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimepata lifti ya gari la maharage, nikasema nisingoje kesho. Kesho nitakuwa na watu. Leo nilitaka niwe na wewe.” Aliketi, akavua viatu, akaiona chupa mezani. “Ndiye huyo?”

Domitila alifungua kinywa. Neno ndiyo lilikuwa tayari kwenye ulimi, na lilikuwa fupi.

Bi Generoza hakungoja jibu. Aliichukua chupa kwa mikono miwili, akaikumbatia, hivyohivyo kama Domitila alivyoikumbatia siku ile ya kituo cha afya, akaanza kuitingisha taratibu. Hakulia. Alikuwa akiisemesha kwa Kiha, maneno ya chini ambayo huambiwa mtoto anayekataa kulala. Aliibembeleza chumvi ya dukani.

Domitila hakuweza. Angeweza kudanganya chungu kizima, ukoo wote na majirani, Stanslaus mbele kabisa. Hilo hakuliweza.

“Mama,” alisema. “Siye huyo.”

“Nini?”

“Hiyo ni chumvi. Ya kupikia. Zabroni yuko pale,” na akaonyesha rafu. “Ndicho kilichobaki. Vingine nimevinywa mimi, peke yangu, tangu mazishi. Na hicho nilitaka nikinywe leo kabla hujafika.”

Nje kuku alikuwa anaparura majani. Bi Generoza aliirudisha chupa mezani, polepole, akaitazama bilauri, akamtazama mkwewe.

“Anasema?” aliuliza.

“Anasema, mama.”

“Sauti yake mwenyewe?”

“Ileile.”

Mama yule alipitisha kiganja usoni. Domitila alikuwa amejiandaa kutukanwa, na angalau matusi angejua pa kuyaweka. Lakini aliona kwenye uso ule njaa aliyoifahamu vizuri, kwa sababu ilikuwa yake. Hakuwa amewahi kuwaza kwamba kulikuwa na mtu mwingine duniani anayelala akisikiliza mlango.

“Kinywe wewe,” alisema, na maneno yalimuuma yakitoka. “Mimi nimeshamsikia mara nyingi. Kaa hapo, kinywe chote, atakuja. Mimi nitatoka nje.”

Bi Generoza alisimama, akaenda kwenye rafu, akaishusha bilauri kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Aliketi nayo. Akaitazama kwenye mwanga. Kisha, kabla ya kuipeleka kinywani, akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake.

“Basi na hii iingie,” alisema. “Awe mzima.”

Ilikuwa punje ya mama. Punje ya kwanza kuganda hupewa aliyezaa, ndiyo desturi, naye huitunza asiisage wala asiinywe, azikwe nayo. Domitila alikuwa ameisahau kabisa. Mkorogaji mzima, aliyewafundisha wengine kwamba maji yaliyozidiwa yakipata hata punje moja ya kufuata yatautua mzigo wote palepale, alikuwa ameisahau.

“Mama, usi—”

Punje ilikwisha kuanguka.

Ilipogusa maji, ilitoa miiba. Miiba ikazaa miiba mingine, myembamba, yenye rangi ya chai, ikakimbia kwenda chini na pembeni kwa kasi ya kutisha, na kabla Domitila hajavuka chumba bilauri nzima ilikuwa imeganda. Ndani yake lilisimama jiwe moja lenye manyoya manyoya, zuri mno. Matone machache ya maji yalibaki juu yake. Hapakuwa na kitu cha kunywa.

Bi Generoza alipiga ukelele, lakini hakuiachia bilauri. Aliishika kwa nguvu zaidi. Macho yakamtoka.

“Ana joto,” alisema.

Domitila alijua sababu. Munyu ukimumunyika kwenye maji ya moto hula joto, na unapoganda ghafla hulirudisha lote kwa mkupuo. Alikuwa amewaeleza watu jambo hilo mara nyingi. Safari hii hakueleza.

“Domi, njoo ushike. Mtoto ana joto!”

Alipiga magoti, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mama mkwe. Ni kweli, alikuwa na joto. Lilikuwa joto la mwili wa mtu aliyetoka kulala. Wakalia wote wawili, kwa sauti, bila kujali majirani, wakiwa wameishika bilauri kati yao mpaka ikapoa.

Baadaye sana Bi Generoza alijipangusa na upande wa kitenge, akainyooshea kidole chupa ya mezani.

“Na hiyo?”

“Nitaitupa, mama.”

“Chumvi nzima uitupe? Kesho kuna watu. Tutaipikia maharage.”

*

Jumamosi uani palijaa. Domitila alikoroga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakutumia kinu. Aliliweka lile jiwe zima kwenye chungu, maji ya vuguvugu, na kukoroga polepole. Lilikataa kwa muda mrefu. Kwanza manyoya yake yalilainika, halafu likapungua upande mmoja, na rangi ya chai ilikuwa ikitoka humo kama uzi. Alitaka kumwona mumewe kadiri ilivyowezekana, na aliona hana haja ya kuomba radhi.

“Shemeji, saga hilo dude, maharage yanapoa,” Stanslaus alinung’unika.

“Mwache mke wa ndugu yako afanye kazi,” mama yake alimwambia.

Lilibaki kama punje ya mchele. Halafu Domitila akapepesa macho, na chungu kilikuwa na maji tu.

Wakanywa. Bi Generoza alikunywa akiwa amefumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa taratibu. Domitila alikunywa wa mwisho. Alisubiri, ingawa alijua hakuna cha kusubiri. Yalikuwa maji yenye chumvi kidogo. Usiku huo na siku nyingi zilizofuata, nyumba ilikuwa kimya kuliko wakati wowote tangu msiba, na kuna jioni alitoa kile kikombe cha bati kabatini, akakinusa, akakirudisha. Alimkosa mumewe kwa namna ambayo haikuwa na dawa, na alijua ni yeye aliyekubali.

Mvua za kwanza zilimkuta jikoni akisonga ugali. Bi Generoza, ambaye alikuwa bado hajarudi Kasulu na hakuna aliyemkumbusha, alikuwa anachambua dagaa. Walisikia hatua uani, hatua nzito za mabuti ya kisimani. Stanslaus alikuwa anakuja kuchukua mwavuli wa mama yake, kama alivyosema atafanya, na wote wawili walijua ataingia moja kwa moja mpaka jikoni na matope yake.

Hatua zilikoma mlangoni.

“Wenye nyumba,” Stanslaus alisema, “njaa yenu imefika!”

Mwiko ulisimama kwenye sufuria. Pale mlangoni Stanslaus alikuwa amekunja uso, anajishangaa, mtu aliyejisikia anasema jambo la kipuuzi na asijue limetoka wapi. Alikohoa. Alionekana yuko karibu kuomba msamaha.

Domitila aliona vyema kwamba huyu ni Stanslaus, ana pua ya Stanslaus na mabuti ya Stanslaus. Aliona pia kwamba asipojibu sasa, maneno yale hayatakuwa na mtu tena.

“Ivue viatu kwanza,” alisema.

Stanslaus aliangalia mabuti yake. Halafu, bila kuuliza, akainama akaanza kufungua kamba.